Kwa Aliyehama Namba Saba

Ulihama usiku, Wandati, ukidaiwa miezi mitatu,
ukaacha godoro, pasi iliyoungua waya,
na tangi la kioo lenye samaki mmoja
aliyejibandika ukutani kwa mdomo, kama stempu.

Bi. Ombaka akasema: Uza vyote, Ragot, tufidie kodi.
Godoro liliondoka siku hiyo hiyo. Pasi nikapewa mimi.
Samaki, kila aliyekuja alimkagua
akauliza swali la Kisumu:
Huyu analiwa?
Mgongoni mabamba ya mfupa, magamba hana,
ndevu mbili, tumbo jeupe kama kitako cha sahani.
Ni mumi, nikawaambia. Binamu wa mumi, wa mto mwingine,
Amerika ya Kusini huko.
Wakacheka, wakaenda zao kula ngege.

Nikalihamishia tangi kwangu, chumba cha getini,
pamoja na karatasi uliyoibandika kwa selotepu,
mwandiko wa mtu anayekimbia:
Badilisha maji robo, si yote.
Ya mfereji yalale kwenye ndoo, dawa itoke.
Chumvi hapana. Mkate hapana.
Usimvue kwa wavu, miiba yake hunasa.
Mpe mti akwangue.
Mti gani, hukusema.

Nilichimbua mzizi mkavu wa mpera nyuma ya choo,
nikauchemsha siku mbili,
maji yakawa chai ya rangi.
Nilipouzamisha alikaa mbali nao kutwa nzima.
Usiku nikasikia: kr, kr, kr,
kama mtu anayekwangua ukoko polepole
jirani asijue kuna njaa.

Tangu hapo tunaelewana.
Mchana hayupo; amejibana kivulini,
mboni ameikunja ikabaki ukucha wa mwezi.
Taa ikizimwa ndipo anapoingia zamu,
yeye na kioo chake, mimi na tochi yangu.
Kipande cha tango nakifungia kijiko kipate kuzama;
alfajiri limebaki ganda, pete ya kijani,
naliopoa kabla maji hayajachacha.

Machi, stima ilipotea saa saba usiku.
Pampu ikanyamaza.
Sikuwa najua kuwa kimya kinaweza kuua.
Nikakaa na kikombe: nateka, namwaga kutoka juu,
nateka, namwaga, hewa iingie,
mkono ukichoka napokea kwa mwingine,
hata Abura akaniuliza kutoka kitandani
ninampoozea nani uji.

Sasa amekua.
Natia alama za kalamu kwenye kioo:
Januari, kidole cha kati. Leo, shibiri na zaidi.
Akigeuka, mkia unagonga pembe.
Tangi lako lilikuwa la mtu wa chumba kimoja, Wandati.
Ouma wa bodaboda akasema: Nikupeleke Dunga,
mwachie ziwani, samaki kwa maji, deni limekwisha.
Nikamwonyesha kule chini kijani kilichofunga ghuba,
boti imekwama katikati kama jiwe shambani.
Gugu lile, nikamwambia, kwao ni mto mmoja na huyu.
Nalo lilipendwa kwanza, kwa ajili ya ua.
Ouma akawasha pikipiki, hakujibu.

Basi naandika kwa nambari uliyoizima.
Sikudai. Bi. Ombaka ndiye anayedai,
mimi nina pasi, nimeitia waya mpya.
Nataka kujua tu huyu hufika urefu gani,
maana fundi wa vioo wa Kibuye anasubiri vipimo
na hakubali kukisia.
Na kama ulikuwa na jina ulilomwita, niambie.
Mimi namwita Namba Saba,
na Jumatatu Namba Saba
anaingia mtu mwingine.